Uzi: Namba 4,294,967,297, jinsi Fermat alivyoiamini na jinsi inavyofunguliwa kwa kalamu na daftari

Mwalimu wa Mikindani:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mtwara. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya namba moja tu, nayo ni 4,294,967,297, yaani bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Nafundisha hisabati sekondari, na nimeona mara nyingi wanafunzi wakikata tamaa mbele ya namba yoyote isiyoenea kwenye kikokotoo cha dukani chenye nafasi nane za tarakimu. Hii ina tarakimu kumi, kwa hiyo haienei. Hata hivyo nashikilia kwamba mwanafunzi anayejua kugawanya, kutafuta baki na kufungua mabano anaweza kuifahamu namba hii nje ndani bila kompyuta, mradi aelekezwe mahali pa kutafuta.

Kwanza ilikotoka. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa mapenzi yake, alimwandikia mwanahisabati mwenzake Frénicle kuhusu namba zinazopatikana kwa kuchukua 2, kuipandisha kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha kipeo mara mbili kila hatua, kisha kujumlisha 1. Hapa jukwaani nitaandika 2^16 nikimaanisha 2 kwa kipeo cha 16. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni namba tasa, kwa maana kwamba hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat aliamini kwamba na zinazofuata zote ni tasa, ingawa alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho. Ya sita ni 2^32 + 1, nayo ndiyo namba yetu.

Imani hiyo ilidumu zaidi ya miaka tisini. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimuuliza Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, kama analifahamu dai hilo la Fermat, na mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba namba hii inagawanyika kwa 641. Anayetaka kuhakikisha achukue daftari azidishe 641 kwa 6,700,417: mara 600 inaleta 4,020,250,200, mara 40 inaleta 268,016,680, mara 1 ni 6,700,417 yenyewe, na jumla ya mistari hiyo mitatu ni 4,294,967,297 bila kupungua wala kuzidi hata moja.

Kwa sisi wa mikoa ya korosho maana yake inaonekana shambani. Mkulima ambaye idadi ya miche yake ni namba tasa hawezi kuipanda kwa mistari kadhaa iliyo sawa, lazima aiweke yote kwenye mstari mmoja. Mwenye miche 4,294,967,297 anaweza kupanda mistari 641 yenye miche 6,700,417 kila mmoja, au akageuza, na zaidi ya hapo hana mpangilio mwingine, kwa sababu vigawo hivyo viwili vyenyewe ni tasa.

Sasa tazameni ugumu aliokuwa nao mtu wa zamani. Majaribio ya haraka tunayofundisha darasa la tano hayasaidii kitu hapa. Namba hii ni witiri, kwa hiyo 2 haimo. Haiishii na 0 wala 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, ambayo haigawanyiki kwa 3. Ukigawanya kwa 7 inabaki 5, na ukigawanya kwa 11 inabaki 5 pia. Kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kidogo sana, na chini ya hapo zipo namba tasa 6,542. Anayejaribu moja baada ya nyingine atafika kwenye 641 akiwa kwenye namba tasa ya 116, na katika kila jaribio anafanya ugawanyaji mrefu wa tarakimu kumi. Inawezekana, lakini inachosha, na ukikosea mstari mmoja katikati hutajua kwamba umekosea.

Karani wa Nanyamba:

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Mimi kazi yangu ni kuandika uzito wa korosho ghalani wakati wa msimu, kwa hiyo kuzidisha na kugawanya si mambo mageni kwangu, na hesabu yako ya 641 nimeihakiki na imekubali. Ninachoomba kuelewa ni kimoja. Euler alijuaje kwamba ajaribu 641? Je, alizipitia zote 116, au alikuwa na njia aliyoificha?

Mwalimu wa Mikindani:

Marahaba ndugu yangu Karani. Njia hakuificha, aliiandika baadaye kwa ukamilifu, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za habari hii, kwa hiyo niruhusu niende taratibu.

Tusahau kwanza ukubwa wa namba, tufuatilie mabaki peke yake. Chukua 17 kama mfano. Anza na 2, halafu zidisha kwa 2 kila hatua, na kila jibu linapozidi 17 uligawanye kwa 17 ubakize baki. Utapata 2, 4, 8, 16, kisha 32 inabaki 15, kisha 13, kisha 9, kisha 18 inabaki 1. Ukishafika 1 unarudi kwenye 2 na mzunguko unaanza upya. Mzunguko huu una hatua nane. Fermat huyo huyo aligundua, na mwaka huo huo wa 1640 akaieleza kwa barua, kanuni isemayo kwamba kwa namba yoyote tasa p isiyo 2, ukipandisha 2 kwa kipeo cha p − 1 na kugawanya kwa p, baki ni 1. Kwa hiyo hatua za mzunguko lazima ziwe kigawo cha p − 1. Kwa 17 mzunguko ni 8, na kweli 8 inaigawanya 16.

Sasa chukulia kwamba kuna namba tasa p inayoigawanya 2^32 + 1 bila baki. Hapo 2^32 peke yake, ikigawanywa kwa p, lazima ibaki p − 1, maana imepungukiwa na moja tu ili ikamilike. Ukizidisha p − 1 kwa p − 1 unapata p² − 2p + 1, ambayo ikigawanywa kwa p inabaki 1. Kwa hiyo 2^64 inabaki 1, na urefu wa mzunguko ni kigawo cha 64: ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Ungekuwa mmojawapo wa ile sita ya mwanzo, ungeigawanya 32 pia, na 2^32 ingebaki 1. Lakini tumeshaona kwamba inabaki p − 1. Basi mzunguko ni 64 kamili, na 64 lazima iigawanye p − 1.

Maana yake ni kwamba kigawo chochote tasa cha namba yetu kimo katika orodha ya namba zinazozidi kigawe cha 64 kwa moja: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Kutoka majaribio 116 tumeshuka hadi matano, Karani, na la tano ndilo linalojibu.

Kuna jambo hapa ambalo huwa linanisumbua kila ninapolifundisha. Kanuni ya mabaki ni ya Fermat mwenyewe, na katikati ya mwaka huo huo aliitumia kupunguza vigawo vya kujaribu alipoonyesha kwamba 2^37 − 1, yaani 137,438,953,471, inagawanyika kwa 223. Kwa hiyo zana ya kuifungua 4,294,967,297 alikuwa nayo mkononi, na kazi iliyobaki ilikuwa ya mchana mmoja. Naamini aliridhishwa na zile tano za kwanza, na wanafunzi wangu nawaambia wazi kwamba mifano mitano mizuri haijawahi kuwa uthibitisho katika hisabati.

Kijana wa Steshenari:

Mwalimu, naomba nami nichangie. Nina duka la kuchapa na kunakili hapa Mtwara mjini, na wateja huniletea flashi wakitaka niwawekee video. Video ikiwa kubwa sana na flashi ikiwa ya mfumo wa FAT32, kompyuta inakataa na kusema faili ni kubwa mno, hata kama flashi ina nafasi tele. Nilipotafuta sababu niliambiwa kikomo cha faili moja ni baiti 4,294,967,295. Namba hiyo imepungua mbili tu kutoka kwenye yako. Je, ni bahati au zina uhusiano?

Mwalimu wa Mikindani:

Kijana wangu, si bahati hata kidogo. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Ikitengewa nafasi 32, namba kubwa kabisa inayoenea ni ile yenye 1 katika nafasi zote 32, nayo ni 2^32 − 1, yaani 4,294,967,295. Mfumo wa FAT32 umeutengea ukubwa wa faili nafasi 32, kwa hiyo faili haliwezi kuvuka hapo. Ndiyo sababu pia anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni 4,294,967,296 kwa jumla, kuanzia sifuri hadi namba yako. Ile ya Fermat, ikiandikwa kwa namna hiyo ya kompyuta, ni 1, kisha sifuri 31, kisha 1, yaani tarakimu 33, na kwa hiyo haienei.

Lakini namba yako ya dukani ina uzuri wake. Kidato cha pili wanajifunza tofauti ya miraba miwili, kwamba a² − b² ni (a − b) mara (a + b). Itumie kwenye 2^32 − 1. Inakuwa (2^16 − 1) mara (2^16 + 1). Mabano ya kwanza nayo yanafunguka kuwa (2^8 − 1) mara (2^8 + 1), na uendelee kushuka hivyo mpaka unabaki na 1. Mwisho wake unapata

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537.

Hizo ni zile tano za Fermat zenyewe, zote, kila moja mara moja, wala hakuna nyingine iliyoongezeka. Kila faili linalokataa kuingia kwenye flashi limegonga ukuta uliojengwa kwa namba tano tasa alizoziandika Fermat mwaka 1640.

Mwanafunzi wa PCM, Lindi:

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi niko kidato cha sita hapa Lindi, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Nimependa hiyo ya 2^32 − 1, na nadhani inatoa jambo kubwa zaidi. Ikiwa zao la tano za kwanza limepungua 2 kutoka kwenye ya sita, basi namba yoyote inayoigawanya mojawapo ya zile tano na ikaigawanya ya sita pia lazima iigawanye tofauti yao, yaani 2. Lakini zote ni witiri, kwa hiyo haiwezekani. Kwa hiyo namba mbili za Fermat hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, yaani KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yao ni 1 daima. Na kwa kuwa namba hizi hazina mwisho, na kila moja inaleta angalau kigawo kimoja tasa ambacho nyingine hazina, namba tasa nazo hazina mwisho. Je, nimeliweka sawasawa?

Mwalimu wa Mikindani:

Umeliweka sawasawa kabisa, mwanangu, na hoja hiyo Goldbach aliiandika kwa Euler mwaka 1730, miaka miwili kabla 641 haijajulikana. Nimefurahi kwamba umeiona mwenyewe kutoka kwenye hesabu ya flashi.

Nikuongezee moja la haraka kwa kuwa unasoma PCM. Carl Friedrich Gauss aligundua mwaka 1796, akiwa bado hajatimiza miaka 19, kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa na pembe zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Baadaye ilithibitika kwamba maumbo ya pande witiri yanayochoreka hivyo ni yale tu ambayo idadi ya pande zake ni namba tasa ya Fermat, au ni zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Kwa kuwa tasa za Fermat zinazojulikana hadi leo ni zile tano tu, umbo kubwa la pande witiri tunalolijua kuwa linachoreka lina pande 4,294,967,295. Johann Gustav Hermes alitumia miaka kumi kuandika namna ya kuchora lenye pande 65,537 peke yake.

Karani wa Nanyamba:

Mwalimu, nimeelewa habari ya 64 na nimeihakiki kwa 17 kama ulivyosema. Narudi na maswali mawili. La kwanza, katika zile tano bado nililazimika kuigawanya namba nzima ya tarakimu kumi kwa kila moja. Je, hakuna njia fupi? La pili, ulisema 6,700,417 ni tasa. Nimekubali kwa heshima yako, lakini ningependa nikubali kwa ushahidi.

Mwalimu wa Mikindani:

Maswali yote mawili ni ya mtu makini, ndugu yangu, na yanajibika kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

La kwanza. Huna haja ya kuandika tarakimu kumi. Fuatilia baki tu, ukizidisha kila baki kwa lenyewe. Kwa 641: 2^4 ni 16. Zidisha kwa lenyewe, 2^8 ni 256. Zidisha tena, 2^16 ni 65,536. Toa 641 mara 102, yaani 65,382, inabaki 154. Zidisha 154 kwa 154, unapata 23,716. Toa 641 mara 36, yaani 23,076, inabaki 640. Hiyo ndiyo baki ya 2^32. Jumlisha 1, unapata 641, ambayo inagawanyika kwa 641. Umemaliza, na namba kubwa uliyoishika njiani ilikuwa na tarakimu tano.

Na kuna uthibitisho mwingine ambao hata kuzidisha hakuna. Angalia kwamba 641 ni 5 × 128 + 1, na hapo hapo ni 625 + 16. Ya kwanza inasema kwamba 5 × 2^7, kwa upande wa mabaki ya 641, ni sawa na hasi moja. Ipandishe kwa kipeo cha nne: 5^4 × 2^28 inabaki 1. Ya pili inasema kwamba 5^4, yaani 625, ni sawa na hasi 2^4. Weka hiyo mahali pa 5^4, unapata kwamba hasi 2^32 inabaki 1, yaani 2^32 + 1 haibaki kitu. Nimeiandika ubaoni mara nyingi na bado naiona kama mojawapo ya hoja safi kuliko zote ninazozijua.

Kabla ya swali la pili niseme kwamba orodha ya 64 inaweza kupunguzwa nusu. Mfaransa Édouard Lucas alionyesha mwaka 1878 kwamba vigawo hivi vinazidi kwa moja vigawe vya 128, si vya 64 tu. Kwa namba yetu sababu yake ni hii. Chukua 2^8 × (2^16 − 1), ambayo ni 16,776,960, na uizidishe kwa yenyewe. Unapata 2^16 mara (2^32 − 2^17 + 1). Katika mabano, 2^32 + 1 ni namba yetu yenyewe, kwa hiyo kwa upande wa mabaki inatoweka, na kinachosalia ni hasi 2^33, yaani hasi 2 mara 2^32. Lakini 2^32 ni sawa na hasi moja, kwa hiyo jibu ni 2. Tumepata namba ambayo mraba wake unabaki 2, na mzunguko wake lazima uwe maradufu ya mzunguko wa 2, yaani 128. Basi 128 inaigawanya p − 1.

Orodha sasa inakuwa 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza inagawanyika kwa 3, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 3. Inabaki 257, ambayo ni ya Fermat, na mwanafunzi wetu wa Lindi ameshaonyesha hapo juu kwamba namba mbili za Fermat hazina kigawo cha pamoja. Kwa hiyo namba ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa ni 641, na inakubali papo hapo. Kutoka 116, hadi tano, hadi moja.

Sasa swali la pili. Kigawo chochote tasa cha 6,700,417 ni kigawo cha namba yetu pia, kwa hiyo nacho kinazidi kigawe cha 128 kwa moja. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589. Katika orodha ya 128 hadi hapo, namba tasa ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Nyingine zote zinaanguka kwa vigawo vidogo, kwa mfano 1,537 ni 29 × 53, na 1,921 ni 17 × 113. Gawanya 6,700,417 kwa hizo tano: kwa 257 inabaki 170, kwa 641 inabaki 44, kwa 769 inabaki 120, kwa 1,153 inabaki 334, kwa 1,409 inabaki 622. Hakuna iliyoingia. Ni tasa, na ushahidi wake ni ugawanyaji wa mara tano unaoweza kuufanya ukisubiri gari la Newala.

Mwanafunzi wa PCM, Lindi:

Mwalimu, samahani kwa kurudi. Kama kanuni ya Fermat inasema kwamba kwa kila p tasa, 2 kwa kipeo cha p − 1 inabaki 1, kwa nini tusiitumie moja kwa moja kuipima namba yetu? Ikishindwa jaribio hilo tungejua kwamba si tasa bila kutafuta kigawo.

Mwalimu wa Mikindani:

Swali zuri, na jibu lake linaonyesha ukaidi wa namba hii. Iite N. Tunajua 2^64 inabaki 1 ikigawanywa kwa N. Sasa N − 1 ni 2^32, ambayo ni kigawe cha 64. Kwa hiyo 2 kwa kipeo cha N − 1 inabaki 1 vilevile, na N inafaulu jaribio ingawa si tasa. Namba zote za Fermat zinafaulu jaribio la 2, ziwe tasa zisiwe tasa, kwa hiyo jaribio hilo haliwezi kuzitenganisha. Ukitumia 3 badala ya 2 mambo yanabadilika. Mwaka 1877 Théophile Pépin alithibitisha kwamba namba ya Fermat kuanzia 5 na kuendelea ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, 3 kwa kipeo cha nusu ya N − 1 inabaki N − 1. Yetu inashindwa hapo.

Jaribio hilo lina kasoro moja: linakwambia namba si tasa, bila kukupa kigawo. Ndiyo maana inayofuata namba yetu, 2^64 + 1, ilisubiri hadi mwaka 1880 Landry alipoonyesha kwamba ni 274,177 × 67,280,421,310,721. Zilizofuata ambazo zimefunguliwa kikamilifu zilihitaji kompyuta, na miongoni mwa zote zilizokwisha kupimwa baada ya 65,537 haijapatikana hata moja iliyo tasa. Ile ya 2^(2^33) + 1 ndiyo ndogo kuliko zote ambazo hali yake bado haijulikani.

Karani wa Nanyamba:

Mwalimu, nashukuru, hesabu zote tano nimezifanya na mabaki yametoka kama ulivyoandika. Niulize la mwisho. Je, ipo njia ya kuvipata vigawo hivi viwili bila kugawanya kwa namba za kubahatisha, yaani namba yenyewe ikavitoa?

Mwalimu wa Mikindani:

Ipo, ndugu yangu, nayo pia ni ya Euler.

Namba tasa ikigawanywa kwa 4 ikabaki 1, inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, na kwa njia moja tu. Mfano, 13 ni 9 + 4 na hakuna namna nyingine. Namba yetu ikigawanywa kwa 4 inabaki 1, na jumla yake ya kwanza iko wazi: ni 65,536² + 1². Kama ingekuwa tasa, hiyo ingekuwa ya pekee. Lakini zidisha 62,264 kwa yenyewe upate 3,876,805,696, na 20,449 kwa yenyewe upate 418,161,601, kisha ujumlishe. Utapata 4,294,967,297. Kuwa na jumla mbili tayari kunatosha kusema si tasa. Tazama pia kwamba 20,449 yenyewe ni mraba wa 143.

Sasa vigawo vinatoka hivi. Linganisha jumla hizo mbili. Toa kubwa kwa kubwa: 65,536 − 62,264 = 3,272. Toa ndogo kwa ndogo: 20,449 − 1 = 20,448. Tafuta KKS ya 3,272 na 20,448, ni 8. Ukizigawanya zote mbili kwa 8 unapata 409 na 2,556. Mraba wa 409 ni 167,281, mraba wa 2,556 ni 6,533,136, na jumla yao ni 6,700,417.

Kingine kinapatikana kwa kujumlisha badala ya kutoa: 65,536 + 62,264 = 127,800, na 20,449 + 1 = 20,450, ambazo KKS yake ni 50. Chukua nusu ya 8 na nusu ya 50, yaani 4 na 25. Miraba yao ni 16 na 625, na jumla ni 641.